Betri za Shemeji

Homa Bay,
11 Februari 1996

Mdogo wangu Wesley,

Pokea salamu za huku ziwani. Sisi tu wazima, ila jua limekuwa kali na mtama niliopanda nyuma ya nyumba umenyauka kabla haujafika magotini. Mama anasemaje kuhusu mguu wake? Mwambie dawa ya kupaka nimeshaipata, nitampa mtu anayepita Migori akuachie.

Betri saba za magari ulizotuma zimefika. Elijah alifurahi sana, akawaambia wenzake pale bichi, kwenye ufuko wa wavuvi, "Wengine wamepewa mashemeji wa kulisha, mimi nimepewa wa kunilisha." Tano ameshazivunja. Anayeyusha risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani yake, katika ile sufuria yangu kubwa, jikoni kwangu kwa sababu nje kuna upepo, kisha anaimimina katika mifereji aliyochonga kwenye tofali. Ikipoa, anapata vizito vya nyavu, na siku hizi wavuvi wote wanamjia yeye. Moshi wake una utamu fulani kooni. Nimeuzoea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nitafute kalamu. Mwaka wa tano huu tangu niolewe na sijashika mimba hata moja. Mama Phelesia, mama mkwe wangu, hanisemi tena kwa siri. Mwezi jana niliaga kwamba naenda sokoni, nikaenda hospitali. Daktari Okemwa alinipima, akaniuliza maswali mengi, akasema kwangu haoni kasoro. Halafu akauliza, "Mume wako anafanya kazi gani?" Nikamweleza uvuvi na habari ya risasi. Akaacha kuandika, akanitazama. Akauliza na mambo ya chumbani. Wewe ni ndugu yangu wa kiume, siwezi kuyaandika. Itoshe kusema kwamba mwaka mzima sasa Elijah akilala anageukia ukuta, na hatujagombana.

Daktari aliandika kadi nimpe mume wangu. Imeandikwa Kiingereza. Siwezi kumpa Elijah karatasi nisiyojua inasema nini. Nimeitia humu ndani. Wewe ndiwe msomi wetu. Isome unifasirie, na ufanye mapema, kwa maana mama mkwe ameapa kwamba baada ya mavuno Elijah atatafutiwa msichana.

Ni mimi dada yako,
Milka


Migori,
17 Machi 1996

Dada Milka,

Nashukuru barua yako ilinifikia salama. Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani Kegonga. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, na Baba amemaliza kuezeka ile nyumba ya upande wa juu. Ng'ombe walioletwa wakati wa ndoa yako wamebaki wanne na yule mweusi amezaa. Baba anasema hao ndio watakaonioza mimi. Ninacheka tu, maana msichana mwenyewe sijampata.

Hapa kazini si shwari. Kampuni inaleta mkaguzi kutoka Nairobi, na Bwana Masese, mkubwa wangu wa stoo, ametaka tuorodheshe kila kitu kilichochakaa. Kwa hiyo betri zisimame kwanza. Tena nakuomba usiliandike neno hilo katika barua. Barua zetu hupitia sanduku la kampuni, na Bwana Masese hufungua bahasha kabla ya kusoma jina. Andika "ule mzigo".

Kuhusu kadi, unajua mwandiko wa madaktari ulivyo mgumu. Nilichoweza kusoma ni kwamba Elijah apumzike, ale mboga na anywe maziwa. Sidhani ni jambo la kuharakisha. Kadi nimeihifadhi mimi isije ikapotea.

Na ule mzigo, mwambie aupikie nje, mbali na nyumba. Moshi si mzuri kwa macho.

Wako,
Wesley


Homa Bay,
26 Mei 1996

Mdogo wangu,

Hujambo? Mvua imenyesha kidogo na omena, hawa dagaa wa ziwani, wamejaa hadi bei imeanguka. Dawa ya Mama niliituma kwa mwalimu mmoja, niambie kama ilifika.

Mboga na maziwa nimempa Elijah mwezi mzima. Tumbo linamkata vile vile, na sasa mkono wa kulia umelegea kwenye kifundo. Akiinua kikombe, kiganja kinaning'inia. Anasema ni uzee. Ana miaka thelathini na sita.

Juzi tulikuwa tunaanika omena na wanawake wengine. Mama mkwe, ambaye huniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, kama vile sina jina, akasema kwa sauti, "Nyar Kuria, huko kwenu milimani wanawake huzaa kweli, au watoto hununuliwa sokoni?" Nikamjibu, "Huzaa, Mama. Ulipokuja kuniposa si ulitukuta saba?" Wanawake wakacheka hadi mmoja akamwaga karai lake. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Wesley, wewe ni karani. Kutwa nzima unasoma karatasi ambazo madereva wameziandikia juu ya goti. Nirudishie kadi niipeleke kwa mtu wa hapa aisome, au uje wewe mwenyewe uongee na Elijah. Anakusikiliza kuliko anavyomsikiliza mchungaji.

Milka


Migori,
15 Septemba 1996

Dada Milka,

Najua miezi imepita. Nilipelekwa Isebania wiki sita kuhesabu mapipa ya lami, na niliporudi nilishikwa na homa. Dawa ya Mama ilifika. Sasa anatembea hadi sokoni bila fimbo.

Elijah alikuja hapa tarehe mbili. Sijui kama alikuambia. Alisimama getini akaita, "Shemeji! Yaani hata takataka unaninyima? Nimekukosea wapi?"

Soja wa getini akacheka. "Karani, mpe mtu takataka zake."

Bwana Masese alikuwa ofisini, dirisha wazi. Nilimwomba Elijah apunguze sauti. Akasema, "Ninong'one kwani nimekuja kuiba?" Basi nikaenda nyuma ya stoo, nikatia betri nne katika gunia, nikampa ili aende. Alipoliinua, mkono haukuweza kushika. Alilikumbatia kwa viwiko kama mtu aliyebeba mtoto.

Alipokuwa akiondoka aliniambia, "Desemba tunaleta msichana, anaitwa Marion, wa kule Magunga. Dada yako atabaki mkubwa wa nyumba, usiwe na wasiwasi. Una neno?"

Nilimwambia asafiri salama.

Kadi bado naitafuta katika makaratasi yangu.

Wesley


Homa Bay,
4 Mei 1997

Wesley,

Nilikuwa nimeamua nisiandike mpaka uandike wewe. Nimeshindwa. Msalimie Mama, mwambie ninakula vizuri.

Marion alikuja Desemba. Nilimpikia wageni wake kwa mikono yangu na nikamgawia mikeka. Ni mtoto mwema, ana miaka kumi na tisa, ananiita dada.

Hapa mke wa kwanza, wanayemwita mikayi, ndiye huanza kupanda. Boma zima hungoja atie mbegu yake kwanza, ndipo wengine waingie shambani. Machi, nilipotoka na kikapu cha mbegu, mama mkwe alikichukua mkononi mwangu. "Wewe mwaka huu ngoja," alisema. "Mvua yenyewe ni kidogo, tusiijaribu." Akapanda yeye mahali pangu, mwanamke wa umri ule, ameinama, na mimi nimesimama pembeni na jembe langu kama mgeni.

Sasa ni mwezi wa tano na Marion naye hana kitu. Wanamnywesha mizizi, anatapika, amebaki mifupa. Wiki jana mama mkwe alitangaza kwamba nimemfunga tumbo. Wazee wawili waliingia kwangu wakapekua chini ya kitanda. Marion alilia, akasema, "Dada Milka hajanifanya kitu! Mzee mwenyewe hata…" Hapo akamwona Elijah amesimama mlangoni.

Unajua mwanamke hufanywa nini akishasemwa mchawi. Nimeanza kufunga mlango mchana.

Sikuulizi tena kadi inasema nini. Nakuuliza kama uliisoma.

Milka


Migori,
1 Juni 1997

Dada Milka,

Niliisoma siku ile ile bahasha ilipofika. Mwandiko wa Daktari Okemwa ni mzuri, ni kama wa mwalimu. Kadi inasema Elijah apimwe damu kuona kama ina sumu ya risasi, aache mara moja kuyeyusha betri, na kwamba huenda hiyo ndiyo sababu ya nyinyi kukosa mtoto.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa, nikaja huko hospitali bila kukuambia. Daktari aliitambua kadi. "Hii niliiandika mwaka jana," alisema. "Ilikuwa wapi?" Nikamjibu kwamba ilichelewa posta. Kwa hiyo hata yeye nimemdanganya.

Alinieleza hivi. Mwilini kuna vichocheo, wengine huviita homoni. Hutoka kichwani na kwenye tezi, vikasafiri katika damu kupeleka amri: mwanamume awe na hamu na mbegu zake ziwe na nguvu, yai la mwanamke likomae kwa wakati wake. Risasi ikiingia kwa moshi, au kwa mikono isiyonawa vizuri, huzivuruga amri hizo. Mtu kwa nje anaonekana yuko sawa. Hakuna aliyemfunga Marion, na hakuna aliyekufunga wewe. Elijah akiacha, nguvu zinaweza kumrudia baada ya miezi kadhaa, ingawa daktari hakuahidi. Nilimuuliza pia kuhusu mwanamke anayevuta moshi huo jikoni kwake. Alisema naye huathirika, maana risasi hukaa mifupani miaka mingi, na akishika mimba inaweza kutoka.

Betri za kwanza niliwaletea mwaka 1992, ndoa yenu haijatimiza mwaka. Niliona nimemtendea shemeji jambo jema.

Niliogopa, Dada. Betri hazikuwa zangu kutoa. Zilitakiwa zirudishwe Nairobi. Nilijua nikikuambia, Elijah atauliza, hospitali itauliza zimetoka wapi, na jina langu litatajwa. Nikajiambia nitasema baada ya ukaguzi. Ukaguzi ukaisha Mei mwaka jana, na mkaguzi hakufika hata nyuma ya stoo. Baada ya hapo sikuwa na sababu nyingine ila kwamba nilikuwa nimeshanyamaza.

Na zile nne za getini nilimpa nikijua.

Wesley


Homa Bay,
29 Juni 1997

Wesley,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimeichoma.

Tofali nimelivunja kwa shoka. Sufuria nimeitoboa na kuifukia mbali na kisima. Nimemwambia Elijah kwamba daktari amesema moshi wa betri ndio unaomkata tumbo na kumlegeza mkono. Amekubali. Sasa anafunga mawe kwenye nyavu kama alivyofanya babu yake, na wenzake wanamcheka.

Habari ya uzazi sikumwambia. Ungemwona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, Marion akitazama kando, ungeelewa. Nikimwongezea na hilo atabaki na nini?

Usije. Usilete kitu.

Milka


Homa Bay,
22 Machi 1998

Mdogo wangu,

Barabara imefunguliwa baada ya ile mvua ya El Nino, ndiyo maana sasa unapata barua. Daraja la huku lilikatika, na magugu maji yameziba bichi hadi wavuvi wanayakata kwa panga ili watoke. Nimesikia Baba alipoteza mahindi yote. Nampa pole.

Marion ana mimba ya miezi mitano. Mkono wa Elijah umenyooka. Mimi ndiye niliyemshikia Marion ndoo alipoanza kutapika, na nilifurahi, niamini. Lakini mama mkwe alizunguka boma zima akisema, "Sasa mmeona kasoro ilikuwa kwa nani." Hata waliokuwa wakinionea huruma wamekubaliana naye.

Elijah pia amekubali. Ananisalimia vizuri, ananiletea samaki mlangoni, kisha anakwenda kwa Marion. Haingii kwangu tangu ile mvua. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa, "Milka, tujisumbue kwa nini?"

Nilimfichia aibu yake, na sasa imekuwa yangu. Nikimwambia mimi, itaitwa wivu. Nina miaka thelathini na mitatu na sijakata tamaa ya kupata mtoto wangu. Njoo na kadi, umwambie wewe.

Milka


Migori,
26 Aprili 1998

Dada Milka,

Jana nilikuja Homa Bay, nikaondoka bila kufika mlangoni kwako. Nilishindwa kukutazama.

Nilimkuta Elijah bichi akishona wavu. "Karani! Umeleta betri?" akasema akicheka. "Siku hizi mimi ni mtu wa mawe."

Nilitoa kadi, nikamfasiria neno kwa neno, na hayo mengine ya daktari pia. Aliendelea kupitisha sindano kwenye wavu.

"Hii ni ya lini?"

"Januari, mwaka juzi."

"Na mimi nilikuja pale getini lini?"

"Septemba. Mwaka huo huo."

Akaweka sindano chini. "Ulikuwa umeshaisoma."

"Ndiyo."

"Na mimi nakuita shemeji mbele ya yule soja." Aliusukuma wavu kando. Kisha akauliza, "Milka anajua?"

"Tangu Juni mwaka jana."

Akafunika uso kwa ule mkono uliopona. Alipoufunua alisema, "Mama yangu asijue, na bichi hii isijue. Wakisikia kwamba sikuwa na mbegu, watamgeukia Marion na kumuuliza mimba ni ya nani."

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa, Dada. Nilikuja nikidhani ukweli ukishasemwa utakusafisha wewe, na kumbe ungemchafua yule msichana.

Nikamuuliza, "Na Milka?"

"Milka niachie mimi. Wewe umemtunza vya kutosha."

Akarudia wavu wake. Nilisimama pale nikingoja aniambie niende. Mwishowe nikaondoka mwenyewe.

Kuna jambo jingine. Leo asubuhi nilimfuata Bwana Masese nyumbani kwake baada ya ibada, nikamweleza habari ya betri zote. Alicheka. "Zile chakavu? Kumbe umekuwa ukihangaika na hizo? Madereva wote huzichukua, bwana. Nani anazitaka?" Akaniagizia chai.

Sikuweza kuinywa. Ni miaka miwili, Dada. Ningemuuliza siku ile barua yako ilipofika, angecheka vile vile.

Wesley


Homa Bay,
8 Novemba 1998

Mdogo wangu Wesley,

Habari za Kegonga? Nimesikia umepata mchumba na Baba ameshaanza kuwatazama wale ng'ombe. Ni vizuri. Mwoe.

Marion alijifungua Agosti, mtoto wa kiume, anaitwa Chrispine. Ana sauti ya mnadishaji. Asubuhi mama yake huniletea nimwogeshe, na bibi yake hupita akitazama upande mwingine.

Elijah alikuja kwangu siku ile ile uliyoondoka, mchana, watu wakimwona, akakaa kwenye kiti chake, akaomba chakula. Habari ya kadi hakuitaja, nami sikuuliza. Mama mkwe alisimama uani akasema, "Unapoteza siku zako." Elijah akamjibu kutoka ndani, "Ni zangu, Mama." Hajawahi kusema zaidi ya hapo kunitetea, na nimeamua kuridhika na hilo.

Julai nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Ilitoka. Hapa bomani wanaojua ni Elijah na Marion tu, na sasa nawe unajua. Siku tatu nilikaa ndani nikisema nina malaria, na ndani ya uchungu ule kulikuwa na kitu kama furaha, kwa sababu sasa najua mwili wangu unaweza. Daktari Okemwa anasema risasi ya jikoni bado imo mifupani mwangu, nisubiri mwaka mmoja, labda miwili, ndipo tujaribu tena. Nitakuwa na miaka thelathini na mitano.

Katika kila barua uliyoniandikia tangu Aprili unaniuliza kama nimekusamehe. Kuna siku namwogesha huyu mtoto na nasema ndiyo. Kuna siku naona wanawake wakipanda na mimi nimesimama pembeni, nikihesabu ile miezi kumi na tano uliyokaa na kadi yangu, na siwezi. Usiniulize tena. Niandikie habari za Mama, za mvua, za harusi yako.

Ikiwa nitapata mtoto, nitakuandikia mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo. Ukiona kimya, ujue hakuna.

Dada yako,
Milka